Betri za Shaibu

Juani,
9 Februari 2025

Kaka Hemedi,

Assalaam alaykum, na shikamoo ya mdogo wako Kidawa. Huku tunalala na tunaamka, alhamdulillahi, ila goti la Mama limemkataza kabisa kwenda kwenye mwani. Anashinda barazani anasuka ukili, na kila anayetoka Dar humwuliza kama amekuona. Nilimwambia Dar ni kubwa, watu hawaonani ovyo. Akanijibu kuwa ukubwa wa Dar haukuzuii wewe kuiona njia ya kurudi. Hilo ni lake, mimi nimelifikisha tu. Wifi Sabra mwambie vitenge vimefika, na kimoja Mama amekwishakificha, anasema ni cha Idi.

Utashangaa kupata barua zama hizi. Simu ya nyumba hii ni moja, na mume wangu Shaibu huenda nayo kule dagoni wanakopiga kambi ya uvuvi. Nikiazima ya jirani yetu Bimkubwa, yeye hukaa ubavuni mwangu akisikiliza mpaka salamu ya mwisho, na ikifika magharibi kisiwa kizima cha Juani kinajua. Basi karatasi hii namkabidhi Omary wa boti ya Kilindoni, naye atampa mtu wa kivuko, wewe utaipata hapo Mbagala ikishachoka kusafiri.

Nije kwenye jambo. Ile vepu, sigara ya umeme uliyomletea mume wangu aachie sigara, imefanya kazi. Hemedi, hajagusa sigara. Mimi niliyelala na harufu ile tangu niolewe, nimeamka asubuhi nikasikia harufu ya mume wangu mwenyewe, nikalia. Usicheke.

Lakini kifaa kinapata joto mpaka anakihamisha mkono huu kwenda huu. Na alipobadilisha ile koili, kile kidubwasha chenye waya na pamba ndani, akavuta palepale, kikamchoma koo, akasema ladha ni ya gunia linaloungua. Bimkubwa naye ameshatangaza kisimani kuwa vitu hivyo hulipuka. Wewe unatengeneza simu na hivi vitu ndio riziki yako, niambie ukweli. Sitaki kusikia kuwa hakifai. Nataka kusikia kitumike vipi.

Nduguyo,
Kidawa

*

Mbagala,
22 Februari 2025

Mdogo wangu Kidawa,

Waalaykum salaam, na marahaba. Sabra anakusalimu, mimba yake imetulia sasa, alhamdulillahi, kichefuchefu kimepungua. Mama mwambie nitakuja mambo yakikaa sawa kibandani, yaani baada ya Ramadhani, au baada ya hapo. Goti alikande kwa mafuta ya nazi ya moto, asione haya kuomba msaada.

Bimkubwa hajasema uongo, ila amesema nusu. Kifaa nilichompa mumeo si cha hovyo. Ndani yake kuna ubao unaopima kila kitu. Koili ikiwa mbovu, ubao unakataa na kuandika kwenye kioo. Betri ikiisha nguvu, unazima kabla haijaharibika. Kikipata joto la kupita kiasi, unakata. Ubao huo ni mlinzi, lakini unalinda yaliyomo ndani ya kifaa tu. Wala haumlindi mtu na ubishi wake.

Kuhusu koili, mwambie ikiwa mpya adondoshee yale maji ya kuvuta ya vepu kwenye pamba, aijaze, kisha akiache kifaa mpaka amalize kunywa kikombe cha chai taratibu. Ndipo avute. Pamba kavu ikipata moto inaungua, na alichovuta siku ile ni moshi wa pamba. Kwenye koili wameandika namba za nguvu, kutoka hii mpaka hii. Aweke ya chini, asipandishe kwa kiburi.

Betri ziko mbili. Nilizinunua pamoja, zimeanza pamoja, basi zikae pamoja mpaka mwisho, moja isibadilishwe peke yake. Azichaji kwa chaja niliyoituma, si kwa kitu kingine, na awe macho akiitazama, asiiache kitandani wala karibu na madumu ya petroli ya mashine. Zikilowa, zikidondoka, zikivimba, au ile ngozi yao ya plastiki ikichanika, basi kazi yao imekwisha.

Na jambo moja usilisahau. Vepu si dawa. Nimempa awe daraja la kutokea kwenye sigara, na darajani hakuna anayejenga nyumba. Apunguze, mwisho aache na hiyo.

Hukuandika habari ya kile kikohozi chake cha sigara. Kimepungua? Anatema nini?

Kaka yako,
Hemedi

*

Juani,
12 Aprili 2025

Kaka Hemedi,

Shikamoo, na Idi iliyopita tunaikumbushana kwa heri. Mama alivaa kitenge chake, akapiga picha na simu ya Bimkubwa, akasema uonyeshwe. Mwani mwaka huu umeoza kwa joto la maji, tumevuna tope. Lakini watu wote wazima, na furaha ya mimba ya wifi imetufikia, Mama amekwishaanza kutaja majina.

Barua yako nilimsomea Shaibu neno kwa neno. Alitikisa kichwa, akasema shemeji yangu anaandika kama karani wa mahakama. Mimi nikamjibu kuwa shemeji yake angalau anaandika. Halafu na wewe, kaka, unasema "mumeo", ana jina. Tangu umwite mtu wa dago siku ya posa, miaka inakwenda, na yeye bado anakuita shemeji.

Ramadhani walikuwa dagoni. Unajua mchana havuti kitu, saumu yake haina kasoro, lakini tangu futari mpaka daku alikuwa anavuta mfululizo kama anayelipia deni la mchana. Halafu siku wanavuta nyavu, wimbi likamtoa botini na kifaa mfukoni. Alipotoka alitoa betri zote mbili, akazisuuza kwa maji baridi ili zitoke chumvi, akazianika juu ya bati, pamoja na dagaa. Wenzake ndivyo wanavyofanya hata kwa simu. Moja ilifufuka. Ya pili haikufufuka, basi akaichokonoa nyingine kwenye tochi yake ya kichwani kwa ncha ya kisu, akaiona sura ni ile ile na urefu ule ule, akaitia. Ngozi yake imechanika kidogo pale kisu kilipopita.

Na koili ulizotuma zimekwisha. Akachukua waya wa chuma, huu wanaofungia ndoana za nguru, akausokota kwenye msumari, akatia pamba ya godoro. Kifaa kikakataa, kikaandika kizungu kwenye kioo. Akaukunjua, akausokota upya, akabonyeza tena na tena mpaka kikakubali. Anasema alikishinda.

Najua utapanda hasira. Panda, kisha ushuke, uniambie nifanye nini. Nikikichukua kifaa, kesho yake ana sigara mdomoni, namjua. Nikikiacha, nakisikia kinavyochemka karibu na uso wake, nalala macho wazi. Niko katikati, kaka, na kote ninakogeuka kuna moto.

Nduguyo,
Kidawa

*

Mbagala,
24 Aprili 2025

Kidawa,

Salaam. Kwangu wazima. Mama nimemwona kwenye picha, amependeza, Sabra ameiweka kwenye simu yake. Hayo tuyaache hapo, maana nimeisoma barua yako kibandani nikashindwa kumhudumia mteja.

Chumvi haikaushwi kwa jua. Jua linakausha maji, chumvi inabaki ndani inakula chuma polepole, na kila akiichaji anaichokoza. Ile iliyofufuka ni mbovu, na ni mbaya kuliko iliyokufa, kwa sababu inamdanganya. Hiyo ya tochi haikutengenezwa kutoa nguvu inayotakiwa na vepu. Itatoa, ndiyo, huku inapikika kwa ndani. Tena ameziweka pamoja, moja ina nguvu na moja imechoka, hiyo yenye nguvu inabebeshwa mzigo wa zote.

Waya wa nguru usiseme. Ubao ulimkataza, na yeye akaubembeleza mpaka ukakosea. Koili ya kusokota na msumari leo inapima hivi, kesho inapima vingine, siku moja ubao utapima vibaya, na betri itatoa umeme wote kwa mkupuo. Hicho kitu kinakuwa mdomoni, Kidawa. Ameshika tundu la moshi kwa meno.

Sasa nisikilize. Iliyochanika ngozi ndiyo ya kwanza. Mwili mzima wa betri, isipokuwa kichwa, ni upande wa hasi. Kinachotenganisha ni kile kiganda chembamba cha plastiki. Kikichanika, betri ikaingia ndani ya kifaa, ikagusa chuma cha kifaa pale palipochanika, imekwisha. Akirudi kutoka dagoni mwondolee betri hiyo siku hiyo hiyo. Usimngoje akubali, usibishane naye. Chukua, mpe Omary aniletee, nitaiua mimi kwa utaratibu wake. Usiitupe jalalani watoto wakaichezea, wala usiitie motoni. Nitatuma betri mpya mbili, koili za dukani, na vikasha vya kuwekea, nikipata mtu wa kumwamini.

Nimeuliza kikohozi chake. Umeandika kurasa mbili hukunijibu. Nauliza tena.

Hemedi

*

Mbagala,
25 Mei 2025

Kidawa, mdogo wangu,

Salaam nyingi. Sikupata jibu. Omary nimempata juzi kwa simu, akaniambia hajapewa betri yoyote na akaaga haraka, sauti yake sikuipenda. Simu ya Shaibu haipatikani. Ya Bimkubwa inapokelewa, nikijitaja inakatwa, na Bimkubwa kukata simu bila kuongea ni jambo la kutisha.

Leo amekuja kijana hapa kibandani suruali yake imetoboka pajani, na chini ya tundu kuna bandeji. Alitia betri ya vepu mfukoni pamoja na funguo. Funguo ziligusa kichwa na ubavu kwa wakati mmoja. Alikuwa anaona tu nimeduwaa na bisibisi mkononi, hakujua nawaza nini. Nilikuwa naikumbuka barua yangu. Nilikwambia uichukue ile betri, nilikwambia umpe nani, lakini sikukwambia uibebe vipi. Kwangu mimi ni jambo la kila siku, nikalipita.

Basi kama hujaitoa, soma hapa kabla hujafanya lolote. Betri ikiwa nje ya kifaa haina mlinzi hata mmoja. Isiguse ufunguo, sarafu, ndoana wala chubwi la mshipi. Izungushie utepe wa gundi kichwani na kitakoni, itie kwenye kikasha cha plastiki peke yake. Vikasha hivyo viwili nimevifunga na barua hii.

Niandikie hata mstari mmoja.

Hemedi

*

Kilindoni,
9 Juni 2025

Kaka Hemedi,

Shikamoo. Mwandiko huu si wangu. Ni wa Bimkubwa, mimi nasema na yeye anaandika, alisoma ngumbaru na bado herufi zake zinasimama wima. Mama hajambo, yuko nyumbani, analetewa chakula na majirani. Idi ya kuchinja imenikuta wodini, na nyama nililetewa nikalishwa.

Usimlaumu Bimkubwa kwa kukata simu. Nilimwapisha asikwambie. Sauti yako ningeisikia ningevunjika, na ningevunjika ungepanda kivuko siku hiyo, ukafika hapa ukamtukana Shaibu mbele za watu, wakati mkeo ana mimba anakuhitaji. Hapa mimi Bimkubwa naongeza langu, kwamba kunyamaza siku zote hizo ni adhabu ambayo sikuwahi kupewa, wala nisipewe tena.

Nilikutii, kaka. Shaibu alirudi kutoka dagoni na bamvua, maji makubwa ya mwezi, akalala. Nikafungua kifaa, nikaitoa ile iliyochanika. Wewe ulisema hatari ni ikigusa chuma cha ndani ya kifaa. Mimi niliitoa ndani ya kifaa, nikadhani nimemaliza hatari. Nikaifunga kwenye pindo la kanga, pale pale ninapofunga ufunguo wa sanduku na sarafu, nikalichomeka pindo kiunoni. Mwanamke wa Juani kitu cha kukificha atakiweka wapi kwingine? Nikashika njia ya pwani nimpe Omary.

Nilianza kuona joto nikadhani ni siafu. Nikapiga kiuno kwa kiganja. Halafu ikalia, sauti nyembamba kama birika, na moto ukatoka. Nikalishika fundo nilifungue. Fundo la kanga ukilivuta kwa pupa linakaza zaidi, na mimi nilivuta kwa pupa, kwa mkono wa kulia, sikuuachia. Wanawake waliokuwa kwenye mwani ndio walioniburuta majini.

Maji yalikuwa yamekupwa, boti zote zimekaa juu ya tope. Shaibu alikuja mbio, akaniinua mikononi akanipitisha tope lile mpaka kwenye kina ambako boti inaelea. Alikuwa anakohoa njia nzima, anasimama, anakohoa, anakwenda. Nikaona damu begani kwangu. Nikajiuliza damu imetoka wapi, mimi nimeungua kiunoni na mkononi. Haikuwa yangu.

Uliniuliza mara ngapi, nami nikakuandikia habari za vitenge na mwani. Ndiyo, anatema damu. Tangu mwaka jana, kabla hujatuma hiyo vepu. Daktari alimsikiliza kifua, akamwambia sigara itamzika, na akataka aende Dar kwenye vipimo vikubwa, yeye akasema baada ya msimu. Nilidhani nisipoandika haitakuwa kweli. Ndio maana nilikuwa tayari alale na moto ule puani, maadam si sigara.

Kiuno kinapona. Mkono, vidole viwili vimeshikana, daktari anasema havitakunjuka tena. Vikasha vyako vimefika juzi. Vizuri sana, vina mfuniko.

Amenisemea Kidawa, nimeandika mimi Bimkubwa, na machozi yaliyofuta neno hapo juu ni yangu, si yake.

*

Mbagala,
17 Juni 2025

Kidawa,

Sijui nianze na salamu gani. Nimeandika "nakuja", nikafuta, nikaandika tena, nikafuta. Si kazi wala si mimba ya Sabra inayonizuia. Sina uso wa kuutazama mkono wako. Barua yangu ndiyo iliyouunguza, nakala ninayo kichwani, naisoma kila ninaposhika betri.

Sitaki tena kusikia kitu hicho kiko nyumbani mwako. Mwambie shemeji yangu Shaibu, na umwambie nimemwita hivyo, akitupe. Kifaa, chaja, betri iliyobaki, koili, vyote. Msomee mstari huu kwa sauti. Mimi ndiye niliyekileta, na mimi ndiye ninayesema kitoke.

Na aende kwenye vipimo. Atafikia kwangu.

Hemedi

*

Juani,
3 Agosti 2025

Kaka Hemedi,

Shikamoo. Huu ni mkono wa kushoto, nivumilie. Niko nyumbani. Mama anatembea kwa fimbo, ananichania nywele kila asubuhi kama nilipokuwa mdogo. Mwana wa wifi tumesikia ni wa kike, Mungu amkuze.

Mstari wako nilimsomea Shaibu kwa sauti, kama ulivyotaka. Nilipofika pale ulipomwita shemeji yangu, alifuta macho. Akasimama palepale, akakusanya kila kitu kwenye mfuko, akapanda mtumbwi mpaka kwenye mkondo wa kina, akafunga jiwe akatupa. Nilimpigia kelele kuwa chumvi na betri havipatani, hakusikia. Watu walikuwa pwani. Wakamsifu. Bimkubwa alisema huyo ndiye mume, kitu kimemuunguza mkewe, amekizika baharini.

Jioni ile alirudi na harufu ninayoijua.

Hakunificha. Aliniambia, "Kidawa, kile sitakigusa tena mpaka naingia kaburini, kimekuharibu. Hii inaniharibu mimi peke yangu." Na alisema kwa upole, kaka, kama mtu anayenipa zawadi. Ameacha kilichoniunguza mimi, amerudi kwenye kinachomuua yeye, na anaona amenitendea wema. Nifanye nini na mapenzi ya namna hiyo?

Kifua kimekuwa kibaya. Leso zake nafua kwa mkono mmoja, nazikanyagia kwenye beseni. Vipimo anasema baada ya msimu. Nimeongea, nimelia, nimemtuma Mama, nimemtuma sheikh. Nikiongea mimi anautazama mkono wangu, anainama.

Basi nakuomba jambo ambalo utaniona nimerukwa na akili. Njoo na kifaa kingine. Kipya, na betri zilizoanza pamoja, na koili za dukani. Mimi ndiye nitakayezichaji, mchana, barazani, juu ya sahani ya udongo, nikizitazama. Yeye hatashika betri, wala mtu mwingine hatashika. Nimekwishaungua, najua sasa kila kitu kinachoweza kuniunguza. Na kama kuna njia nyingine, dawa ya hospitali, kitu cha kubandika mwilini, chochote cha kumtoa, lete hicho. Lakini usitume. Kwangu hatasikia, kwa barua hatasikia, atakusikia wewe ukikaa naye mkeka mmoja. Unaogopa kuutazama mkono wangu. Utazame, Hemedi, hautakufanya kitu. Yeye ndiye anayeuawa nao.

Maana nimechelewa kuligundua hili. Kila akiuona, anasimama anatoka nje kuvuta. Nikimwandalia chakula anauona, anatoka. Nikimpa maji anauona, anatoka. Jana alitoka mara tatu kabla ya adhuhuri.

Kwa hiyo tangu leo asubuhi, nikimsikia anavua viatu mlangoni, nauingiza mkono ndani ya kanga mpaka kwenye kiwiko, nampokea kwa wa kushoto. Leo amekaa nami mpaka alasiri, hakutoka.

Mimi nduguyo,
Kidawa